Diwani ipi uanze nayo? Ushairi wa ghasia za ubaguzi wa rangi, kutoka Chicago hadi London

Ukifungua kitabu chochote cha historia kuhusu ghasia za ubaguzi wa rangi mijini, utakutana na hesabu kwanza. Chicago, kiangazi cha 1919: waliouawa 38, Weusi 23 na Wazungu 15, majeruhi 537, familia za Weusi zipatazo 1,000 zikabaki bila makazi. London, Januari 1981: vijana 13 wafa kwa moto katika nyumba moja ya Barabara ya New Cross. Hesabu hizi ni za lazima. Bila hizo, wenye madaraka wangekuwa wamekwisha kusema kwamba hakikutokea kitu. Ila hesabu haisemi mama alimwambia nini mwanawe asubuhi ile, wala haisemi mtu anayepanda tramu kesho yake anahisi nini anapokaa bega kwa bega na asiyemjua.

Hapo ndipo ushairi unapoingia, na diwani za aina hii si chache. Nimechukua tatu ambazo naziona ndizo zinazostahili kushindaniwa na mtu mwenye nafasi ya kusoma moja tu: *1919* ya Eve L. Ewing, *Riot* ya Gwendolyn Brooks, na *Surge* ya Jay Bernard. Zote ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo ugumu wa Kiingereza chenyewe ni kigezo. Kigezo changu kikuu lakini ni kingine. Ghasia za mjini karibu kila mara huacha faili: ripoti ya tume, jalada la polisi, maboksi ya nyaraka. Swali ninalomuuliza kila mshairi ni hili: unafanya nini na faili hilo? Majibu ya hawa watatu yanatofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia kitabu kipi ni chako.

1919: mshairi anayeisoma ripoti kwa sauti

Jumapili ya tarehe 27 Julai 1919, Eugene Williams, kijana Mweusi wa miaka 17, alikuwa akielea juu ya chelezo na wenzake katika Ziwa Michigan. Chelezo likasogea hadi likavuka mpaka ambao haukuandikwa katika sheria yoyote, ule uliotenga maji ya Weusi na maji ya Wazungu karibu na Mtaa wa 29. Mzungu mmoja ufukweni akaanza kuwatupia mawe. Eugene akazama. Polisi aliyekuwapo akakataa kumkamata mtupa mawe, watu wakakusanyika, na kufikia usiku mapigano yalikuwa yameenea. Hayakutulia hadi tarehe 3 Agosti.

Gavana wa Illinois aliunda tume ya watu 12, Weusi sita na Wazungu sita. Ripoti yake ilitoka 1922, kitabu cha kurasa zaidi ya 600, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Charles S. Johnson, mwanasosholojia Mweusi. Ni kazi ya uangalifu mkubwa. Imepima msongamano wa nyumba, imefuatilia magazeti, imehoji wafanyakazi wa machinjio, imeeleza hata jinsi watu wa rangi mbili wanavyosukumana ndani ya tramu. Msomaji wa Nairobi aliyepitia ripoti ya Tume ya Waki ya 2008 kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi, au wa Unguja aliyesoma uchunguzi wa machafuko ya Juni 1961, ataitambua lugha hiyo mara moja: tulivu, yenye mizani, inayomtaja marehemu kama tukio namba fulani.

Ewing ni mzaliwa wa Chicago na mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago. Aliikuta ripoti hiyo alipokuwa akifanya utafiti kuhusu kufungwa kwa shule za umma katika mji wake. Alichofanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda: alichukua vifungu vya ripoti, akaviweka juu ya mashairi yake, kisha chini yake akaandika kile ambacho kifungu kiliacha kusema. Diwani ilitoka 2019, miaka 100 kamili baada ya tukio, na imegawika katika yaliyotangulia, yaliyotokea, na yaliyofuata.

Mpangilio huo ndio nguvu yake ya kwanza kwa msomaji asiyeijua historia ya Marekani. Huhitaji kwenda kutafuta maelezo kwingine. Kifungu cha ripoti kinakupa tukio, shairi linakupa mtu. Na Ewing hamwachi mtu peke yake azungumze. Treni iliyowaleta Weusi kutoka majimbo ya Kusini inazungumza. Tramu nayo inazungumza. Safari ile kuu ya kuhamia kaskazini imeandikwa kwa mtindo wa kitabu cha Kutoka, na yeyote aliyekua akisikia Biblia ya *Union Version* ikisomwa kanisani ataupata mwendo wake bila kamusi.

Shairi linalonigusa kuliko yote katika sehemu ya kati ni lile la Eugene Williams mwenyewe. Ewing hakuandika maombolezo. Ameandika wimbo wa wasichana wanaoruka kamba, jina la kijana likirudiwa mara tatu tatu kama yanavyorudiwa majina katika michezo ya watoto, vina vikiwa vyepesi, na maji na mawe vikiingia ndani ya wimbo huo polepole. Msomaji anajikuta ameshapiga makofi kabla ya kuelewa anachoimba. Kuna mabishano ya kweli hapa: je, ni halali kifo cha kijana kugeuzwa mchezo? Naamini ni halali, kwa sababu ndiyo namna watoto wa mtaa huo wangeibeba habari yake. Ripoti ilimhifadhi kama chanzo cha ghasia. Wimbo unamhifadhi kama mtoto mwenzao.

Kisha kuna lile la Emmett Till. Alikuwa mtoto wa Chicago, akauawa na Wazungu wabaguzi huko Mississippi mwaka 1955 akiwa na miaka 14. Ewing anamkuta dukani leo hii, mzee, akichagua matunda ya plamu. Analiinua moja moja hadi machoni, analigeuza, anatazama kama ganda lina doa au limeoza, kisha analitia taratibu kwenye mfuko wa plastiki. Hakuna damu katika shairi zima. Kuna mtu tu aliyepewa muda wa kuzeeka na kuchagua matunda yake, na msomaji anajua kwamba muda huo ndio uliokatwa.

Upungufu wake? Baadhi ya mashairi mafupi yanaegemea mno kifungu cha ripoti kilicho juu yake. Ukikiondoa, yanabaki mepesi. Na sauti ya Ewing kwa jumla ni ya upole na subira. Anayetaka hasira hataridhika hapa.

Riot: mshairi aliye barabarani

Hasira iko kwa Brooks. *Riot* ni kijitabu chembamba kilichotoka 1969, sehemu tatu tu, kinasomeka kwa kikao kimoja na kinakukalia kichwani mwaka mzima.

Gwendolyn Brooks alikuwa na jina kubwa tayari. Mwaka 1950 alikuwa Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1967 alihudhuria mkutano wa waandishi Weusi katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, akakutana na washairi vijana waliokuwa wakiandika kwa ajili ya watu wao bila kuomba ruhusa ya mtu, na mkutano huo ukambadilisha. Akaachana na shirika kubwa lililokuwa likimchapisha, akaipeleka *Riot* kwa Broadside Press ya Detroit, kampuni ndogo ya Mweusi mwenzake, Dudley Randall.

Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis. Magharibi mwa Chicago moto ukawaka, hasa kando ya Barabara ya Madison, na watu 11 wakafa. Meya Richard J. Daley akatangaza hadharani kwamba polisi walipaswa kuwapiga risasi za kuua wachomaji moto, na za kulemaza waporaji. Katika mazingira hayo Brooks hakusubiri tume. Hakuna faili katika kitabu hiki. Kuna neno la King kuhusu ghasia kuwa lugha ya wasiosikilizwa, limewekwa mwanzoni, kisha barabara yenyewe.

Sehemu ya kwanza inamfuata John Cabot, Mzungu tajiri wa kubuni. Brooks anatuorodheshea gari lake la Jaguar, wiski yake, majumba ya sanaa anayoyapenda, chakula chake cha mgahawani. Halafu umati unamjia barabarani na yeye, mpaka dakika ya mwisho, anachokiona ni uchafu, kelele na watu wasio na adabu. Anakufa akiigiza maneno ya Yesu msalabani, na ndani ya ombi hilo la msamaha anachomeka tusi la kibaguzi.

Najua wasomaji wanaofunga kitabu hapo, wakidai mshairi anashangilia kifo. Nawasihi warudi. Kila kitu katika shairi hilo tunakiona kwa macho ya Cabot. Karaha iliyomo ni yake yeye. Brooks anatuonyesha mtu aliyeishi katika mji huohuo maisha yake yote bila kuwahi kumtazama jirani yake maskini, na siku anapolazimika kumtazama, hana macho ya kufanyia kazi hiyo.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu zaidi na ndiyo bora. Imevunjika vipande: sauti, ving'ora, majina ya magenge ya mtaani, watoto wanaotawanyika katika vichochoro wanavyovijua. Kuna duka la santuri linaporwa, na Brooks anaona jambo ambalo hakuna polisi angeliandika: vijana wanachagua. Santuri ya Bing Crosby, mwimbaji Mzungu, wanaiacha; ya Melvin Van Peebles, msanii Mweusi, wanaichukua. Mistari michache tu, na umati ule ambao magazeti yaliuita genge unakuwa watu wenye masikio na ladha. Karibu na hapo mwanamke amelala, amekufa, katikati ya maboksi. Brooks hakutenganisha picha hizo mbili ili tupumue.

Kisha, katika sehemu ya tatu, anafunga na mapenzi. Watu wawili chumbani asubuhi, wanatoka nje, wanatabasamu, kila mmoja anashika njia yake. Kwa mara ya kwanza nililiona kama shairi lililopotea njia likaingia kitabu cha watu wengine. Sasa naona lisingeweza kukosekana: siku mbili tatu baada ya moto watu wanaamka, wanapendana, wanakwenda kazini, na ripoti zote duniani hazina safu ya kuandikia hilo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kikwazo ni msongamano. Brooks anabana maneno kama mshairi wa jadi anayehesabu mizani, haachi neno la ziada, na majina anayoyataja yalieleweka Chicago ya 1968 kuliko yanavyoeleweka Morogoro leo. Panga kusoma na mtu aliyefanya kazi ya nyumbani. Leo sehemu zote tatu zinapatikana pia ndani ya *Blacks*, mkusanyo wake mkubwa wa 1987, kwa hiyo usihangaike kutafuta kijitabu cha zamani.

Kabla sijatoka Chicago, jambo moja linalonifanya nipendekeze diwani hizi mbili zisomwe pamoja na yeyote mwenye nafasi. Mwaka 1919 zilikuwapo klabu za vijana wa Kizungu zilizoitwa klabu za michezo, na tume ilizitaja kuwa zilihusika sana katika mashambulizi. Mmoja wa wanachama wa mojawapo ya klabu hizo, iliyoitwa Hamburg, alikuwa kijana wa miaka 17, umri uleule wa Eugene Williams. Haijathibitishwa kwamba alishiriki. Jina lake Richard J. Daley, yuleyule aliyekuja kuwa meya na kutoa amri ya 1968. Ukisoma Ewing kisha Brooks ukijua hilo, miaka 49 inayozitenganisha ghasia hizo mbili inakuwa maisha ya mtu mmoja.

Surge: mshairi aliyefungua maboksi

Jay Bernard anatupeleka London. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1981 kulikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa katika nyumba namba 439, Barabara ya New Cross, kusini-mashariki mwa jiji. Moto ukazuka. Vijana Weusi 13 wakafa, na mmoja aliyenusurika akafa miaka miwili baadaye. Wazazi wengi wao walikuwa wametoka visiwa vya Karibea. Eneo hilo lilikuwa limeshashuhudia mashambulizi ya wabaguzi, na wakazi wengi waliamini papo hapo kwamba nyumba ilirushiwa bomu la moto. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza kwamba moto ulianzia ndani. Mara mbili, 1981 na 2004, mahakama ya uchunguzi wa vifo ilimaliza kazi bila kuamua chanzo.

Lazima hilo lisemwe wazi kabla ya kulinganisha, kwa sababu hapa hatuna mtupa mawe wa kumnyooshea kidole. Tulicho nacho ni namna nchi ilivyowapokea wafiwa: ukimya wa serikali, polisi waliowahoji watoto walionusurika kama washukiwa, magazeti yaliyoandika kwa kejeli. Kaulimbiu ya wakati huo ilikuwa kwamba wamekufa 13 na hakuna kilichosemwa. Tarehe 2 Machi 1981 watu wapatao 20,000 waliandamana kutoka New Cross hadi Hyde Park, siku ya kazi, katikati ya jiji. Ghasia za Brixton zilifuata Aprili.

Nyaraka za kamati iliyopigania haki za wafiwa, chini ya uenyekiti wa John La Rose, zimehifadhiwa katika Taasisi ya George Padmore, London. Bernard alikaa huko kama mwandishi mgeni, akafungua maboksi, na *Surge* ikatoka 2019. Lakini mwaka 2017, kazi ikiwa inaendelea, jengo la makazi la Grenfell Tower, London, liliungua na watu 72 wakafa. Faili la zamani likawa habari ya jioni. Diwani nzima imejengwa juu ya mshtuko huo wa kuona jambo likirudi.

Kwa hiyo Bernard hafanyi na faili anachofanya Ewing. Ewing anaijibu ripoti. Bernard anakaa na nyaraka mpaka marehemu waanze kusema. Kuna mashairi mawili yanayokaa pamoja ambayo vichwa vyake si maneno, ni alama ya kujumlisha na alama ya kutoa. Katika la kwanza ni mzazi anayepaswa kumtambua mwanawe. Katika la pili ni mwana mwenyewe, tayari ameshatoka katika mwili, anajibu. Sijui mashairi mengi ya wakati wetu yaliyopata jina sahihi kiasi hicho. Huyu anajumlishwa kwenye orodha, huyu ametolewa duniani, na alama hizo ni zilezile za karani.

Sauti zinabadilika badilika: Kiingereza cha vitabu, Kiingereza cha Kijamaika, wimbo wenye kiitikio, maelezo ya kukauka kama ya shahidi. Pia yamo mashairi ya maisha ya Bernard mwenyewe kama mtu Mweusi wa London, mwili wake, mapenzi yake, maandamano aliyoyaona, na baadhi ya wasomaji hulalamika kwamba hayo yanatawanya lengo. Mimi naona yanaeleza kwa nini mtu aliyezaliwa baada ya 1981 ajisikie anadaiwa na moto huo. Ninachokubali ni kwamba kitabu hiki hakimbebi msomaji mgeni kama *1919* inavyombeba. Dibaji fupi ya Bernard isome mara mbili kabla ya kugeuza ukurasa, la sivyo utapotea.

Kuna njia ya kurahisisha. Kabla ya *Surge*, msikilize Linton Kwesi Johnson. Alizaliwa Jamaika 1952, akahamia London akiwa mtoto, na aliyaona hayo ya 1981 kwa macho. Shairi lake *New Craas Massahkah* linaanza katika mdundo wa dansi, watu wanaingia na kutoka, kila mmoja anafurahi. Mdundo huohuo unabeba moto unapofika. Kisha muziki unakaa kimya na yeye anazungumza na msikilizaji moja kwa moja, akimuuliza kama anakumbuka jinsi alivyoshtuka alipoipata habari. Kwenye karatasi, tahajia yake ya Kijamaika inaogopesha. Kwa sikio haina shida. Sisi tuliolelewa na tenzi zilizoghaniwa kabla ya kuandikwa hatupaswi kuona ajabu kwamba shairi linaishi mdomoni kuliko kwenye ukurasa.

Kama huna nafasi ya diwani nzima

Mashairi mawili yatakutosha, na yote mawili ni rahisi kuyapata.

*Ballad of Birmingham* ni la Dudley Randall, huyohuyo mchapishaji wa Brooks, aliyekuwa mkutubi wa Detroit. Tarehe 15 Septemba 1963 wabaguzi wa Ku Klux Klan walilipua Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, Alabama, wakaua wasichana wanne: watatu wa miaka 14, mmoja wa miaka 11. Randall ameandika majibizano ya mama na binti kwa beti fupi za vina. Binti anaomba ruhusa ya kwenda kwenye maandamano. Mama anakataa kwa sababu ya mbwa wa polisi, mabomba ya maji na bunduki, anamtuma kanisani akaimbe kwaya, kwa kuwa kanisani ni salama. Anamchana nywele, anamvisha glovu nyeupe na viatu vyeupe. Baada ya mlipuko anachakura vifusi na kukiona kiatu. Mwanafunzi wa kidato cha pili analielewa lote. Tahadhari tu: mama huyo na majibizano hayo ni ya kubuni, usiyafundishe kama ushahidi.

La pili ni *If We Must Die* la Claude McKay, mistari 14 yenye vina, iliyoandikwa na Mjamaika aliyekuwa akihudumu katika behewa la chakula la treni za Marekani wakati ambapo mji baada ya mji ulikuwa ukiwaka. Wengi huliunganisha na Chicago. Lakini lilitoka katika toleo la Julai 1919 la jarida la *The Liberator*, maana yake lilikuwa limekwisha andikwa kabla Eugene Williams hajazama. Halitaji Mweusi wala Mzungu wala mji wowote, na ndiyo maana limetumiwa na watu wa kila aina. Kwa kufundisha historia halifai peke yake. Kwa kuonyesha jinsi umbo la kale linavyobeba ghadhabu bila kupasuka, sijaona lililolizidi, na wapenzi wa urari wa vina na mizani watafurahi.

Mwenye kiu ya miji mingi kwa mpigo aitafute *Incendiary Art* ya Patricia Smith, ya 2017. Kichwa hichohicho kinarudi diwani nzima kikibadilisha mji na mwaka: Tulsa 1921, Birmingham 1963, Chicago 1968, Los Angeles 1992. Ni kitabu kizito sana moyoni, na simshauri mtu aanze nacho.

Basi uchukue ipi

Mwalimu wa sekondari, au yeyote anayesoma na vijana: *1919*, bila kusita. Kila shairi lina historia yake juu ya kichwa, Kiingereza chake ni chepesi, na mwanafunzi anaweza kuiga kazi hiyo kesho yake kwa kuchukua aya ya ripoti au gazeti la nchi yake na kuandika chini yake kilichoachwa. Tena hakuna maelezo ya mateso yatakayokulazimu kuruka kurasa.

Mshairi anayejifunza ufundi achukue *Riot*. Si rahisi, na kwa maoni yangu ndicho kitabu kikubwa kuliko vyote hivi kwa ubora wa ushairi wenyewe. Somo lake ni ujasiri wa kuingia kichwani mwa adui na wa kutomtakasa mtu wako. Washairi wetu wengi wanapoandika kuhusu machafuko huwagawa watu malaika na mashetani ubeti wa kwanza tu, na shairi linakufa hapo.

Anayesoma peke yake usiku, hasa aliyezaliwa au kukulia Ulaya na wazazi waliotoka kwingine, *Surge* itamfaa kuliko nyingine mbili. Waswahili wa London wanaopita New Cross kwa basi kila siku wana sababu ya ziada: nyumba ile bado ipo, na kibao cha kumbukumbu kimewekwa ukutani. Aliyefiwa karibuni angoje kidogo. Yale mashairi mawili ya alama hayana huruma.

Na kikundi chenye jioni moja tu kisijaribu diwani yoyote. Anzeni na Randall, msomaji mmoja awe mama, mwingine binti. Fuateni na wimbo wa kuruka kamba wa Ewing, watu wote waitikie jina. Kisha wekeni sauti ya Linton Kwesi Johnson mwenyewe, si ya mtu anayemwiga, na majadiliano yaanzie pale muziki wake unaponyamaza.